Ni Miligramu Ngapi? Hotuba kuhusu Floraidi katika Maji ya Nakuru

Wazazi, walimu, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi ndugu zetu wauza maji wa mikokoteni mliokubali kuacha kazi saa za asubuhi, hamjambo.

Kuna habari za sayansi ambazo zikifika kwenye makundi ya WhatsApp huwa tayari zimekatwa kichwa na miguu. Habari ya floraidi, madini ya asili yaliyomo kwenye mawe, majini na kwenye dawa ya meno, ni moja. Inasemekana Marekani wamepiga marufuku floraidi, kumbe ni sumu ya ubongo, basi tupeni dawa ya meno. Tuirudishie kichwa na miguu yake, kwa sababu imebeba ukweli unaotuhusu sisi wa Bonde la Ufa kuliko unavyowahusu Wamarekani wenyewe.

Huko, miji mingi huongeza floraidi kwenye maji ya mfereji ili kupunguza kuoza kwa meno. Walianza Grand Rapids mwaka 1945, na tangu 2015 kiwango wanachoshauriwa ni miligramu 0.7 kwa kila lita. Mwezi wa Agosti 2024 taasisi yao ya serikali inayochunguza sumu ilitoa ripoti ikisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba watoto wanaopata floraidi kwa kiasi cha juu kuliko kile cha maji yenye miligramu 1.5 kwa lita huonekana kuwa na alama za chini kidogo za upimaji wa akili. Kuhusu ile 0.7, ripoti ilisema ushahidi haukutosha kuamua. Machi 2025 jimbo la Utah likapitisha sheria ya kuacha kuongeza floraidi kwenye maji ya umma. Habari yenyewe ni hiyo.

Sasa tazameni. Wao wanabishana juu ya 0.7. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na ambacho Kenya pia inakifuata kwa maji ya kunywa, ni 1.5. Na katika kaunti hii kuna visima vinavyotoa 3, vinavyotoa 5, na vingine zaidi ya hapo. Hakuna aliyetuongezea. Tumeongezewa na mawe.

Kwa hiyo mtu akikwambia "maji haya yana floraidi", bado hajakwambia kitu. Karibu maji yote yana floraidi. Muulize: ni miligramu ngapi kwa lita? Kama hana jibu, amekuletea jina tu.

Mawe yetu ni ya volkano, kuanzia Menengai mpaka Longonot, na yamejaa floraidi. Maji yanayokaa chini kwa miaka mingi, tena yakiwa na joto, huiyeyusha kidogo kidogo. Penye kalsiamu nyingi, kalsiamu huikamata floraidi ikaganda na kubaki chini. Maji yetu mengi ya bonde yana kalsiamu kidogo na magadi mengi, kwa hiyo floraidi inabaki majini. Wapishi huyasifu maji ya aina hii: sabuni hutoa povu haraka, maharagwe huiva upesi. Sifa hizo ni za kweli, na mara nyingi chanzo chake ni hicho hicho kinachoiacha floraidi ielee. Lakini msipime maji kwa povu. Visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kuwa na namba mbili tofauti kabisa, kwa sababu kimoja kimekata mwamba ambao kingine hakikuugusa. Hata bomba la jiji haliwi na namba moja mwaka mzima. Nakuru hupata maji ya mto kutoka Turasha, na maji ya visima kama vya Kabatini na Baharini. Yanayofika kwako leo yanategemea ni chanzo gani kimefunguliwa.

Madhara mnayajua kwa macho. Kwanza meno: madoa meupe kama chaki, kisha manjano, kisha kahawia, na yakizidi jino humomonyoka vishimo. Jambo ambalo wazazi wengi hulikosa ni wakati. Doa halitokani na maji anayokunywa mtoto wa miaka 12 leo. Lilitengenezwa jino lilipokuwa bado ndani ya ufizi. Meno ya mbele ya ukubwani huundwa zaidi katika miaka mitatu ya kwanza, na meno mengine yaliyobaki, ukiacha magego ya mwisho, huwa yamekamilisha ngozi yake ya nje kufikia miaka 8 hivi. Baada ya hapo maji hayaliongezei jino doa jipya, wala kubadilisha maji hakuliondoi la zamani. Ndiyo maana kusugua kwa makaa, majivu au mchanga ni kujiumiza bure: doa liko ndani ya jino, na unachokiondoa ni ile ngozi ngumu inayolilinda. Daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika. Hakuna dawa ya kupaka inayolifuta kabisa.

Pili ni mifupa, na hapa tuseme kwa tahadhari. Anayekunywa maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa miaka mingi anaweza kuanza kupata mifupa inayonenepa na viungo kukakamaa, na penye zaidi ya 10 watu wamelemaa. Lakini si kila goti linalouma Nakuru ni la floraidi. Ukiumwa nenda hospitali, usikimbilie kulaumu kisima. Wenye ugonjwa wa figo wawe waangalifu zaidi ya wengine, maana figo ndizo zinazoitoa floraidi mwilini.

Tuje sasa kwenye sufuria.

Aliyekulia Kisumu au Busia amefundishwa tangu utotoni kuchemsha maji, na alifundishwa vizuri. Adui wa kule ni kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na vimelea hivyo hufa maji yakitokota. Akihamia Nakuru huja na sufuria yake, na anaamini ameyamaliza yote. Floraidi si mdudu. Haifi. Maji yakitokota, mvuke unapaa na floraidi inabaki. Ukiweka lita 20 zenye miligramu 3 kwa lita, ukachemsha mpaka zikabaki 18, una miligramu 60 zile zile katika maji machache: sasa ni 3.3 kwa lita. Uji wa mtoto unaotokota saa nzima kwenye jiko la makaa hupanda zaidi ya hapo.

Klorini nayo haiiondoi. Vichujio vya udongo vya kutundikwa haviiondoi. Taa za kuua vijidudu haziiondoi, wala makaa ya kawaida ya kupikia hata ukiyasaga. Shabu, kwa kile kipande tunachotumia kutuliza tope, haifiki popote. Kuna mbinu ya India iliyopewa jina la mji wa Nalgonda, inayotumia shabu nyingi pamoja na chokaa, lakini ni kazi ya mtambo wenye mpimaji. Ukikosea vipimo unabaki na alumini ndani ya maji, na hujaondoa floraidi ya kutosha.

Halafu kuna ndugu mwenye mkoba. Anabisha hodi, anatia kalamu yenye namba ndani ya maji yako, inaonyesha 600, anashtuka kwa niaba yako. Kisha anatoa kifaa chenye vyuma vinne, anakichomeka kwenye umeme, na maji yako yanageuka rangi ya kutu mbele ya watoto. Maji aliyokuja nayo kwenye chupa yanabaki meupe. Unatoa pesa.

Kilichotokea ni hiki. Kalamu ile hupima jumla ya chumvi zinazopitisha umeme. Haijui kutenganisha floraidi na chumvi ya mezani. Na ile rangi ni kutu ya vyuma vyake mwenyewe: umeme hupita kwenye maji yenye madini, chuma kinalika, kutu inaelea. Maji yake hayana madini, umeme haupiti, chuma hakiliki. Mwambie atie chumvi kidogo kwenye maji yake kisha arudie. Kwa kawaida huwa ana haraka ya kwenda nyumba nyingine.

Kalamu yenyewe haina kosa, ina kazi yake. Wenye vioski wanaotumia mashine za kusukuma maji kwenye utando, zile mnazoziita RO, wanaihitaji. Mashine hizo huondoa floraidi kweli, kama sehemu tisa kwa kumi utando ukiwa mzima. Maji ya kuingia yakisoma 600 na ya kutoka 40, mambo sawa. Siku ya kutoka yakisoma 200, utando umechakaa au umetoboka, na floraidi inapita pamoja na chumvi nyingine. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe namba zote mbili. Ubaya wa mashine ni umeme, gharama ya utando, na maji yanayotupwa: ndogo za nyumbani hutupa lita mbili au tatu kwa kila lita moja safi. Hayo yanayotupwa yana floraidi nyingi kuliko kisima. Osha sakafu nayo, usimpe ng'ombe.

Njia ya pili ndiyo ambayo Nakuru inajulikana kwayo katika kazi hii: mkaa wa mifupa. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeushughulikia kwa miaka mingi, na Tanzania wana kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwenye nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, kisha husagwa na kuchekechwa kuwa punje ndogo. Madini ya mfupa hupokea floraidi na kuachia kitu kingine mahali pake, karibu sawasawa na jino linavyofanya. Tumeligeuza tatizo kuwa dawa: badala ya mfupa wa mtoto kuikamata floraidi, tumeuweka mfupa wa ng'ombe utangulie.

Moto ukikosewa, kila kitu kinaharibika. Mifupa iliyoungua kupita kiasi huwa myeupe kama chokaa na uwezo wake hushuka. Isiyoiva hubaki na mafuta, na maji yakipita hunuka supu iliyochacha. Ndiyo maana hatumshauri mtu kujichomea mifupa nyuma ya nyumba. Na kwa Waislamu, Wahindu na wote wanaojali asili ya mifupa, mna haki ya kumuuliza muuzaji imetoka machinjio gani na ni ya mnyama gani. Asipojua, acha.

Kichujio kina uhai wake, na hapa ndipo wengi huanguka. Chukua makadirio ya tahadhari, kwamba kila gramu ya mkaa inabeba miligramu 1 ya floraidi. Ndoo yenye kilo 10 itabeba miligramu 10,000. Maji yako yana 4 na unataka yatoke na 1, maana yake kila lita inaacha miligramu 3. Gawanya: lita 3,300 hivi. Familia ikitumia lita 20 kwa siku, hiyo ni miezi mitano na nusu. Kisima chako kikiwa na 7, kila lita inaacha 6, na muda unakatika nusu. Kwa hiyo jirani akikwambia "yangu nimetumia mwaka mzima", huenda anasema kweli kuhusu maji yake, au huenda mkaa ulijaa zamani na hakujua. Mkaa uliojaa hautoi ishara. Maji yanatoka meupe, matamu, baridi, na floraidi yote imo. Andika tarehe ya kuanza kwa rangi ubavuni mwa ndoo, na upime maji ya kutoka kabla muda uliopiga hesabu haujaisha.

Ukitumia, fungua bomba taratibu. Maji yanahitaji walau nusu saa kukaa kati ya punje. Ukifungua kwa nguvu ili mtungi ujae upesi, yanapita mbio bila kushika kitu. Kichujio kipya kioshe kwa maji mpaka weusi uishe. Klorini weka mwisho, baada ya kuchuja, kwa sababu mkaa huila klorini na kukuachia maji yasiyo na kinga. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 1.2 inayouzwa madukani, mililita 3 hutosha lita 20 za maji maangavu. Funika, subiri dakika 30. Maji ya tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa, kisha tumia maradufu. Chupa ya dawa isikae dirishani. Jua huimaliza nguvu.

Lakini kabla hujanunua chochote, tazama juu ya kichwa chako. Mvua karibu haina floraidi. Wenye nyumba ya mabati ya mita 50 za mraba, kila milimita moja ya mvua inawaletea lita 50. Toa sehemu moja kwa tano inayopotea, zinabaki 40. Nakuru katika mwaka wa kawaida hupata milimita 900 hivi, yaani lita 36,000. Familia ya watu watano, lita 4 kila mmoja za kunywa na kupika, inahitaji 7,300 kwa mwaka. Maji yapo mara tano. Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka wakati wa kiangazi. Hesabu siku 100 kutoka Desemba mpaka mvua za Machi au Aprili zishike: lita 20 kwa siku, tangi la lita 2,000. Wanaonunua tangi la lita 500 huishiwa Januari, wakasema maji ya mvua hayatoshi.

Vumbi na kinyesi cha ndege hukaa juu ya paa, kwa hiyo lita 25 hadi 50 za mwanzo wa kila mvua zielekezwe kando. Bomba la kusimama lenye kifuniko cha kufungulia chini linatosha: likijaa uchafu, maji ya baadaye yanapita juu kwenda kwenye tangi. Wengi hulifunga vizuri, kisha wasilifungue kulimwaga mvua ikiisha, na mvua ya pili inakuta limejaa. Weka wavu mdomoni mwa tangi, mbu wasizaliane. Na maji ya mvua yatiwe klorini kama mengine. Kukosa floraidi hakuyafanyi yawe bila vijidudu.

Mvua ikiwa haba, changanya. Kisima chenye 4: lita 5 za kisima na lita 15 za mvua kwenye mtungi mmoja, unapata 1. Hesabu hii haigharimu hata shilingi, na bado ndiyo inayotumika kwa nadra kuliko zote. Pengine kwa sababu hakuna anayepata faida kuiuza.

Wapangaji wa Kaptembwo na Rhonda mtasema hamna paa. Ni kweli. Kwenu lengo ni lita 20 kwa siku tu, za kinywa na sufuria. Kuoga, kufua na kuosha vyombo tumieni maji yoyote ya kisima. Floraidi haipiti kwenye ngozi. Na hizo 20 zikiwa hazipatikani, anzeni na mtoto aliye chini ya miaka 8. Lita 3 au 4 za maji mazuri kwa uji, chai na kikombe chake zinaokoa meno yake hata kama nyinyi wazazi mnaendelea na kisima.

Mtoto mchanga ana bahati: maziwa ya mama hayabebi floraidi ila chembe, hata mama akinywa maji makali. Miezi 6 ya kunyonya tu ni miezi 6 ya ulinzi. Hatari huingia na maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima, kwa sababu mtoto mdogo hunywa mengi kulingana na uzito wake. Chai nayo: mchai hukusanya floraidi kwenye majani, na chai ya rangi iliyokolea inaweza kuongeza miligramu 1 au zaidi kwa lita juu ya zile zilizokuwamo. Usimnyweshe mtoto wa miaka miwili. Na magadi ya kulainisha mboga na githeri hutoka kwenye maziwa ya bonde hili hili, floraidi ikiwamo. Pika muda mrefu zaidi, au loweka usiku.

Dawa ya meno msiitupe. Ile ina floraidi ya kugusa jino kwa nje, na inazuia kuoza. Kwa mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele; kuanzia 3 mpaka 6, kama punje ya njegere. Ateme. Shida ni mtoto anayeimeza kwa sababu ina ladha ya peremende.

Sasa kupima. Maabara hutumia kifaa cha umeme kinachoitikia floraidi peke yake, au dawa inayobadili rangi. Vyote viwili hutoa miligramu kwa lita. Chupa iwe ya plastiki, si kioo, maana floraidi hushikana na kioo. Isiwe chupa ya sabuni wala ya jusi. Nusu lita inatosha. Kisima cha pampu, acha maji yatiririke dakika 5 hadi 10 kwanza ili usipime yaliyolala kwenye bomba. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, funga. Wa mikokoteni, chukueni pale mnapochota, si kwenye mtungi wenu. Kwa wanaotaka kujua pia vijidudu, hiyo ni chupa nyingine, iliyochemshwa maabara, na lazima ifike ikiwa baridi siku hiyo hiyo. Ya floraidi inaweza kungoja wiki moja bila kuharibika.

Chupa mia moja ziko mlangoni, zina vibandiko. Andikeni mtaa, aina ya chanzo, tarehe na saa. Tumieni penseli, wino wa kalamu hutoka kibandiko kikilowa.